Mchoro kama Shahidi: Ramani ya Tiberio Alfarano na Kumbukumbu ya Basilika ya Kale ya Mtakatifu Petro, Roma

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya mchoro katika kuhifadhi kumbukumbu ya jengo lililobomolewa, kwa kurejelea Basilika ya kale ya Mtakatifu Petro mjini Roma, iliyojengwa katika karne ya 4 na kubomolewa kwa awamu kuanzia mwaka 1506 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Chanzo kikuu ni ramani ya Tiberio Alfarano, iliyochorwa mwaka 1571 na kuchapishwa mwaka 1590. Ramani hiyo inalinganishwa na michoro ya Maarten van Heemskerck pamoja na ile iliyokusanywa na Giacomo Grimaldi. Hoja ya makala ni kwamba uzito wa mchoro kama ushahidi hautokani tu na kuwapo kwa mchoraji mahali pa tukio. Unatokana pia na kazi ambayo mchoro ulikusudiwa kuifanya. Aidha, makala inaonyesha kwamba michoro hiyo ilikuwa na nyuso mbili: ilitetea utakatifu wa jengo la kale, na wakati huohuo ilirahisisha kuondolewa kwake.

1.0 Utangulizi

Mwanahistoria wa majengo huzoea kuanza na jengo lenyewe. Hupima kuta, huchunguza chokaa, huhesabu nguzo, kisha hurejea kwenye maandishi ili kulinganisha. Jengo linapokuwa limetoweka, utaratibu huo hugeuka: karatasi hutangulia na jiwe hufuata, iwapo lipo jiwe lililosalia. Ndipo huzuka swali la msingi la makala hii. Je, mchoro wa jengo ambalo hatuwezi tena kulitazama unatuambia nini, na tuuamini kwa kiasi gani?

Basilika ya kale ya Mtakatifu Petro inafaa kwa uchunguzi huo kwa sababu tatu. Kwanza, ilibomolewa kwa uamuzi wa makusudi wa wamiliki wake wenyewe, si kwa moto wala kwa vita. Pili, ubomoaji ulichukua zaidi ya miaka 100, hivyo wapo waliozaliwa, wakahudumu na kufariki wakati jengo likiwa nusu limesimama na nusu limeanguka. Tatu, michoro iliyosalia ni ya aina mbalimbali, na kila aina ilitengenezwa kwa haja yake. Kwa hiyo inawezekana kulinganisha shahidi mmoja na mwingine, badala ya kutegemea kauli ya mmoja pekee.

2.0 Jengo na Safari ya Kubomolewa Kwake

Basilika ya kale ilijengwa kwa amri ya Kaisari Konstantino kwenye mteremko wa kilima cha Vatikano, juu ya mahali palipoheshimiwa kuwa kaburi la Mtume Petro. Ilikuwa na ukumbi mkuu wa kati na kumbi mbili nyembamba kila upande, zilizotenganishwa kwa safu nne za nguzo. Kila safu ilikuwa na nguzo 22, yaani jumla ya nguzo 88. Upande wa magharibi ukumbi huo ulikutana na jengo lililokatiza kutoka kusini hadi kaskazini, na nyuma yake palikuwa na nusu duara iliyozunguka sehemu ya kaburi. Tofauti na makanisa mengi ya baadaye, mlango wake ulielekea mashariki na altare kuu ilikuwa magharibi. Mbele ya mlango ulikuwapo ua mpana wenye bustani na chemchemi, ambamo mahujaji walipita kabla ya kuingia.

Kwa takribani miaka 1,200 jengo hilo lilikuwa mahali pa ibada, pa maziko na pa siasa. Humo Karolo Mkuu alivikwa taji tarehe 25 Desemba mwaka 800. Mapapa wengi walizikwa humo, na kila karne iliongeza altare, vikanisa vidogo vya pembeni, picha na makaburi. Kwa hiyo jengo lililobomolewa lilikuwa la Konstantino kwa msingi wake, lakini lilikuwa limejaa kazi za vizazi vingi vilivyomfuata.

Katika karne ya 15 kuta zake zilianza kutiliwa shaka. Leon Battista Alberti alieleza kwamba ukuta mrefu wa ukumbi ulikuwa umeinama na kuacha mstari wake wa wima. Papa Nikola V alianzisha upanuzi upande wa magharibi, lakini kazi haikufika mbali. Uamuzi mzito ulikuja chini ya Papa Yulio II, aliyeweka jiwe la msingi la jengo jipya tarehe 18 Aprili 1506, msanifu akiwa Donato Bramante. Sehemu ya magharibi ya basilika ya kale ilibomolewa kwa haraka iliyowashtua hata baadhi ya wasanii wa wakati huo. Michelangelo, kwa mujibu wa Ascanio Condivi aliyeandika habari za maisha yake, alilalamika kwamba Bramante aliziacha nguzo za thamani zianguke na kuvunjika ilhali zingeweza kushushwa zikiwa nzima.

Baada ya kifo cha Bramante mwaka 1514, ujenzi ulisuasua. Mwaka 1538, wakati wa Papa Paulo III, msanifu Antonio da Sangallo Mdogo alijenga ukuta uliotenganisha sehemu ya mashariki ya ukumbi wa kale na eneo la ujenzi. Kwa karibu miaka 70 waumini waliendelea kusali katika nusu ya kanisa la kale, huku upande wa pili wa ukuta kuba la jengo jipya likipanda hatua kwa hatua hadi kukamilika mwaka 1590. Mnamo Septemba 1605 Papa Paulo V aliamua kwamba nusu hiyo iliyobaki nayo iondolewe. Kardinali Cesare Baronius, mwanahistoria mashuhuri wa Kanisa, alipinga, lakini hakufanikiwa. Carlo Maderno alikabidhiwa kazi ya kujenga ukumbi mpya na uso wa mbele, na tarehe 18 Novemba 1626 Papa Urbano VIII aliitabaruku basilika tunayoiona leo.

3.0 Mchoraji Aliyechora Asichokiona

Tiberio Alfarano, mzaliwa wa Gerace katika jimbo la Calabria, alikuwa mmoja wa makleri wa basilika hiyo hadi kifo chake mwaka 1596. Hakuwa msanifu wa majengo. Alikuwa mtu wa ibada, aliyejua sikukuu ipi iliadhimishwa kwenye altare ipi na maandamano yalipita wapi. Mwaka 1571 alikamilisha mchoro mkubwa wa basilika ya kale, ambao baadaye ulichongwa kwenye bamba na Natale Bonifacio na kuchapishwa mwaka 1590. Aliandika pia maelezo marefu ya jengo hilo kwa Kilatini, ambayo yalihaririwa na Michele Cerrati na kutolewa mwaka 1914.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Alfarano hakuwahi kuiona basilika ya kale ikiwa kamili. Alipoanza utumishi wake, sehemu ya magharibi, yaani ile iliyokuwa takatifu kuliko zote, ilikwisha kuondolewa. Alichokiona kwa macho yake ni nusu ya mashariki. Nusu nyingine aliipata kwa njia tatu: simulizi za mzee Giacomo Ercolano, mtumishi mwenzake aliyemtangulia; maandishi ya wachambuzi wa kale, hasa Petrus Mallius wa karne ya 12 na Maffeo Vegio wa karne ya 15; na mabaki yaliyokuwa bado yanaonekana katikati ya ujenzi.

Hapa ndipo thamani na udhaifu wa ramani hiyo vinapokutana. Msomaji anayeitazama huona mistari ya uzito mmoja kuanzia ua wa mashariki hadi nusu duara ya magharibi. Hakuna alama inayotenganisha kilichoonwa na kilichosikiwa. Kumbukumbu ya mzee, sentensi ya mwandishi wa karne ya 12 na ukuta uliopimwa kwa hatua za miguu vyote vimepewa wino uleule. Mtafiti asiyetambua hilo ataichukulia ramani nzima kuwa kipimo, ilhali sehemu yake kubwa ni masimulizi yaliyogeuzwa kuwa mistari.

Jambo la pili ni kwamba Alfarano hakuchora wakati mmoja wa historia. Kikanisa cha Papa Yohane VII, kilichojengwa kati ya mwaka 705 na 707, kimo katika karatasi moja na makaburi ya mapapa wa karne ya 15, na vyote vimo ndani ya kuta za karne ya 4. Ramani hiyo haionyeshi basilika ilivyokuwa katika siku yoyote mahususi. Inaonyesha kila kilichostahili kukumbukwa, pasipo kujali kilikuja lini.

Jambo la tatu ndilo la kipekee zaidi. Alfarano hakuichora basilika ya kale peke yake. Aliiweka pamoja na ramani ya jengo jipya, moja ndani ya nyingine, kaburi la Mtume likiwa kitovu cha zote mbili. Sehemu za kale zimepewa herufi na namba, na maelezo yake yameorodheshwa ili msomaji aweze kulitambua kila altare na kila kaburi. Mtu aliyesimama katika jengo jipya, akiwa na karatasi hiyo mkononi, angeweza kujua kwamba mahali anapokanyaga palikuwa na altare fulani au alizikwa papa fulani.

4.0 Michoro Mingine na Haja Zake

Ili kuipima ramani ya Alfarano, ni muhimu kuiweka kando ya michoro ya watu waliokuwa na haja tofauti.

Maarten van Heemskerck, mchoraji kutoka Haarlem nchini Uholanzi, aliishi Roma katika miaka ya 1530. Michoro yake, ambayo sehemu kubwa inahifadhiwa Berlin, inaonyesha nguzo za ukumbi wa kale zikiwa bado zimesimama, na nyuma yake matao makubwa ya Bramante yasiyo na paa, majani yakiota juu yake. Heemskerck hakuwa na wajibu wowote kwa altare za basilika. Alivutiwa na magofu. Ajabu ni kwamba katika michoro yake jengo jipya ndilo linaloonekana kama gofu, kwa kuwa lilikuwa limeachwa bila kumaliziwa. Kwa mtafiti, Heemskerck ni shahidi mzuri wa hali ya jengo katika miaka michache mahususi, jambo ambalo Alfarano hawezi kulitoa. Lakini hawezi kueleza kaburi gani lilikuwa wapi.

Giacomo Grimaldi alikuwa mthibitishaji wa hati na mhifadhi nyaraka wa basilika. Ubomoaji wa mwisho ulipoanza mwaka 1605, alipewa kazi ya kuandika kumbukumbu rasmi ya kila kilichofunguliwa, kilichohamishwa na kilichovunjwa. Tarehe 11 Oktoba 1605, kwa mfano, lilifunguliwa kaburi la Papa Bonifasi VIII aliyefariki mwaka 1303, na mwili ukakutwa haujaharibika sana. Grimaldi alieleza hali ya mwili na mavazi kwa makini ya mtu anayejua kwamba maandishi yake yatatumika kama hati. Maelezo hayo yalikanusha uvumi wa muda mrefu kwamba Papa huyo alikufa akijitafuna mikono. Sambamba na maandishi hayo ilitengenezwa michoro. Mchoraji Domenico Tasselli alichora kwa rangi mandhari ya ukumbi wa kale, uso wa mbele, ua na picha za ukutani kabla hazijaondolewa. Grimaldi mwenyewe aliingiza michoro mingi katika mwandiko wake mkubwa, ambao Reto Niggl aliuhariri mwaka 1972.

Hapa mchoro una haja ya kisheria. Masalio ya watakatifu yalipohamishwa, ilibidi pawepo uthibitisho wa mahali yalipotoka. Familia yenye kaburi au altare katika kanisa ilikuwa na madai yake, na madai hayo hayakufutika kwa kuanguka kwa ukuta. Mchoro uliofungamanishwa na hati ya mthibitishaji ulisimama badala ya ukuta uliokuwa umebeba ushahidi huo.

5.0 Kuupima Ushahidi

Njia bora ya kumpima shahidi ni kumuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana kwa njia nyingine. Kwa bahati njema, baadhi ya vitu vilivyochorwa vilinusurika.

Kikanisa cha Papa Yohane VII kilibomolewa mwaka 1609. Picha zake za mozaiki zilichorwa katika kumbukumbu ya Grimaldi, na vipande vichache vyake viliokolewa. Picha ya Bikira Maria akiwa amevaa taji na kuinua mikono katika sala ilipelekwa Florence, na imo katika kanisa la San Marco. Kipande chenye sura ya Papa Yohane VII kimo katika vyumba vya chini vya basilika ya sasa. Sehemu ya picha ya Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu imo katika kanisa la Santa Maria in Cosmedin mjini Roma. Vipande hivyo vikilinganishwa na michoro, matokeo ni ya kufundisha. Mpangilio wa watu, ishara za mikono na alama zinazowatambulisha vinalingana, ikiwamo duara la utakatifu la Papa lililochorwa kwa umbo la mraba. Lakini mtindo wa sanaa haulingani. Sura za karne ya 8, zenye macho makubwa na mistari mikali, zimelainishwa zikawa sura za karne ya 17. Mchoraji alinakili maana na kuacha mkono wa fundi.

Kwa upande wa ramani ya Alfarano, kipimo kilitoka chini ya ardhi. Uchimbaji uliofanywa chini ya basilika katika miaka ya 1940, wakati wa Papa Pio XII, ulifichua misingi ya Konstantino na makaburi ya kale yaliyokuwa yamefunikwa wakati wa ujenzi wake. Watafiti waliofuata, akiwamo Richard Krautheimer na wenzake katika juzuu ya 5 ya kazi yao kuhusu basilika za kale za Roma iliyotoka mwaka 1977, waliijenga upya taswira ya jengo hilo kwa kuiweka ramani ya Alfarano pamoja na matokeo ya uchimbaji. Mpangilio wa jumla ulisimama. Ni vipimo ndivyo vilivyohitaji kuthibitishwa kwa jiwe.

Matokeo ya majaribio haya mawili yanaelekea upande mmoja. Kila mchoro ni mwaminifu katika jambo ambalo aliyeuagiza asingeweza kuvumilia kosa. Mtu wa ibada asingevumilia altare kuwekwa mahali pasipo pake, ila hatua chache zaidi au pungufu katika urefu wa ukumbi hazikumsumbua. Mthibitishaji asingevumilia mtakatifu kukosa alama yake, ila hakuona hasara sura ya mtakatifu huyo ikifanana na sura za zama zake.

6.0 Kumbukumbu au Kibali?

Limebaki swali zito zaidi. Je, michoro hii ililinda basilika ya kale, au ilisaidia kuiondoa?

Upo ushahidi wa upande wa kwanza. Ramani ya Michelangelo ilikuwa na mikono minne inayolingana, na sehemu ya mashariki ya ukumbi wa kale ingebaki nje ya jengo jipya. Watetezi wa mapokeo walishikilia kwamba ardhi iliyotabarukiwa na kuhifadhi miili ya watakatifu haiwezi kugeuzwa kuwa uwanja wa wazi. Ramani iliyochapishwa mwaka 1590 ilifanya hoja hiyo ionekane kwa macho: yeyote aliweza kuona ni altare zipi na makaburi yapi yangeachwa nje ya kuta. Maderno alipojenga ukumbi mrefu kuelekea mashariki, jengo jipya liliifunika ardhi ya ukumbi wa kale. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nyingi, zikiwamo mahitaji ya ibada na ya maandamano, lakini haja ya kuifunika ardhi takatifu ilikuwa mojawapo. Kwa maana hiyo, mchoro uliweza kuathiri umbo la jengo jipya, ingawa haukuweza kuziokoa kuta za la kale.

Hata hivyo, upo upande wa pili, nao haupaswi kufichwa. Grimaldi aliutoa mwandiko wake mkubwa kwa heshima ya Papa Paulo V, yaani yuleyule aliyeamuru ubomoaji. Kazi ya kuandika na kuchora iliendeshwa sambamba na kazi ya nyundo, na taasisi moja ndiyo iliyosimamia zote mbili. Mara kitu kilipokwisha kuchorwa na kuthibitishwa, wajibu wa kukihifadhi ulionekana kuwa umetimizwa, na fundi aliruhusiwa kuendelea. Mchoro, katika mazingira hayo, ulitenda kazi ya stakabadhi: ulikiri kupokelewa kwa kumbukumbu, na kwa kukiri huko ukaruhusu mwili wa kumbukumbu uondoke.

Si sahihi kumlaumu Grimaldi kwa hilo. Hakuwa na mamlaka ya kuusimamisha ubomoaji. Baronius, aliyekuwa kardinali, alijaribu na akashindwa. Bila Grimaldi tungepoteza ukuta na habari zake kwa pamoja. Lakini ni sahihi kutambua kwamba kuhifadhi kwa mchoro na kuhifadhi kwa jiwe ni mambo mawili tofauti, na kwamba la kwanza linaweza kutumiwa kama udhuru wa kutofanya la pili.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba ramani ya Alfarano, michoro ya Heemskerck na kumbukumbu za Grimaldi haziwezi kusomwa kwa kanuni moja. Alfarano anaaminika katika mahali, Heemskerck katika wakati, na Grimaldi pamoja na Tasselli katika utambulisho wa vitu. Mtafiti anayehitaji vipimo analazimika kurejea kwenye misingi iliyochimbuliwa, na anayehitaji mtindo wa sanaa analazimika kurejea kwenye vipande vilivyosalia.

Mintarafu uhifadhi wa majengo ya kihistoria kwa jumla, mfano huu unatoa angalizo moja. Jengo linapokabiliwa na ubomoaji, agizo la kulichora na kulipiga picha hupokelewa mara nyingi kama ushindi wa wahifadhi. Huenda likawa ushindi. Lakini kabla ya kulikubali, ni wajibu kuuliza nani anachora, kwa haja gani, na ni kitu gani ambacho haja hiyo haitakiona. Sura za karne ya 8 za kikanisa cha Papa Yohane VII zilichorwa kwa uangalifu mkubwa. Lau vile vipande vichache visingeokolewa, leo tungekuwa na hakika ya walioonyeshwa katika picha hizo, na tusingejua hata kidogo jinsi walivyotazama.